Umeme juu ya siling: ekstensheni, soketi, waya wa moja kwa moja au PoE, uchague ipi?

Hili swali naulizwa sana na ndugu zetu wanaofanya kazi za ukarabati huku Marekani, projekta imeshaning'inizwa, kamera zimeshafungwa, pampu ya maji ya AC iko juu kule, sasa umeme utoke wapi, na je ni ruhusa kuweka soketi juu ya siling au inspekta atakuja kuikataa kazi? Mtaani wanajibiwa "hairuhusiwi" halafu basi, na hilo jibu ni nusu. Soketi juu ya siling ya kuning'inia, ile ya fremu za chuma na bodi za kunyanyua za futi 2 kwa 2 au 2 kwa 4, inaruhusiwa kabisa ikifungwa kwenye boksi lake na kebo inayofaa. Kinachokatazwa ni waya wa plagi kukaa huko juu. Watu wanavichanganya hivi vitu viwili, mmoja anaogopa kuweka soketi halali na mwingine anaweka soketi safi kabisa halafu anachomeka ekstensheni ya futi 25 inayotambaa juu ya bodi hadi upande wa pili wa ukumbi, akidhani kwa kuwa soketi imepita na waya nao umepita.

Kanuni yenyewe iko kwenye NEC, yaani kitabu cha kanuni za umeme cha Marekani, NFPA 70, kinachotoka kila miaka 3, kipengele 400.12, na kama una kitabu cha kabla ya toleo la 2017 utaikuta kwa namba 400.8. Inasema waya laini, ule unaokunjika wenye plagi, usitumike badala ya waya wa kudumu wa jengo, usipitishwe kwenye tundu la ukuta wala la siling, usifichwe, na wanataja kwa jina kabisa: usikae juu ya siling ya kuning'inia. OSHA nao, wale wa usalama kazini, wana kanuni inayofanana na hiyo. Na kumbuka haisemi ekstensheni peke yake, hata waya uliokuja na kifaa chenyewe kwenye katoni ukishaupandisha juu ya bodi umeingia kwenye katazo hilohilo.

Sasa nianze na ekstensheni maana ndo chaguo ambalo watu wengi wanalichagua kabla hawajajua kwamba kuna machaguo.

Kanisa tunalosali mimi na familia limepanga jengo ambalo zamani lilikuwa duka, waumini wengi ni ndugu zetu wa Kongo, na siku moja niliombwa niangalie kwa nini projekta inazima katikati ya ibada. Nikanyanyua bodi ya kwanza, nikakuta waya wa rangi ya chungwa, ule wa kutumia nje ya nyumba, umelazwa juu ya bodi mpaka kwenye ofisi ya nyuma, umeunganishwa na wa pili katikati, na pale plagi zilipokutana plastiki imeshakuwa ya kahawia na ukiishika inavunjika kama biskuti. Papa mmoja mtu mzima akanishikia ngazi akaniuliza, "Fundi, kwani hii iko na shida gani? Inafanya kazi mwaka mzima bila matata." Nikashuka nikamwonesha ile plagi. Mwaka mzima ilikuwa inachemka juu ya vichwa vya watoto wa Sunday school na hakuna aliyeona, kwa sababu siling imeificha.

Shida ya ekstensheni ndo hiyo, huwezi kuiona inapoharibika. Ikiwa sakafuni utaona imekatika gamba, utasikia harufu, utaikanyaga ukaijua iko moto, lakini juu kule hakuna jicho. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi: waya laini wa saizi ya 16 AWG (AWG ni kipimo cha Marekani cha unene wa waya) wenye nyaya mbili zinazobeba umeme unahesabiwa ampea 13, lakini breka inayolinda saketi ya ofisini mara nyingi ni ya ampea 20, na plagi ya kawaida ya Marekani haina fyuzi ndani. Maana yake unaweza kupitisha ampea 17 kwenye ule waya, unapika, na breka imetulia tu kwa sababu kwake ampea 17 sio kitu. Breka inalinda kebo ya ukutani. Haikujua kama wewe utaongeza kitu chembamba mwisho wa safari. Ongeza kingo za fremu za chuma ambazo zinakata kama kisu, ongeza fundi wa AC anayekuja kuvuta na kusukuma vitu huko juu bila kujua kuna nini. Kwa bei ekstensheni inashinda zote, dola chache na dakika kumi umemaliza, na bado mimi siipi nafasi hata moja, iwe ya muda au ya kudumu, iwe nene au nyembamba. Zile za matundu mengi tunazowekea kompyuta ndo usithubutu kabisa.

Chaguo la pili ni soketi juu ya siling halafu kifaa kiko chini, na waya wake unapanda kupitia tundu la kwenye bodi. Hii inadanganya sana kwa sababu soketi imefungwa na fundi mwenye leseni, ina boksi la chuma, ina ethi, kila kitu. Lakini mara tu waya wa projekta unapopita kwenye tundu na kuchomekwa huko juu umevunja mambo mawili kwa mpigo, kupita kwenye siling na kukaa juu ya siling. Nimeona watu wamelipa pesa ya fundi kwa kazi hii na wameambiwa waitoe, inauma.

Kwa hiyo soketi ya juu ina kazi gani? Ina kazi, ila ni ya servisi. Fundi amepanda kutengeneza mashine ya AC, anachomeka taa yake na dereli, anamaliza anachomoa anashuka. Tena NEC inadai kuwe na soketi ndani ya futi 25 kutoka kwenye mashine ya AC au ya joto kwa ajili ya kuihudumia, kwenye usawa mmoja na mashine, kipengele 210.63, kwa hiyo ukisikia mtu anasema soketi huko juu ni haramu muulize huyo fundi wa AC achomeke wapi. Kwa matumizi hayo iweke. Kwa kifaa cha kudumu usiitegemee.

La tatu ndo ninalolipenda kwa projekta na kwa televisheni za kuning'inia: soketi ileile, lakini uso wake unatazama chini chumbani. Kebo inakuja juu kwa njia halali, boksi linashikiliwa vizuri, soketi inachungulia kwenye usawa wa bodi, waya wa projekta wa futi 2 au 3 unabaki chini ya siling mahali unapoonekana na unapofikika. Hakuna kilichofichwa, hakuna kilichopita kwenye tundu. Ziko seti zinazouzwa tayari, boksi la chuma linaloingia kwenye nafasi ya bodi likiwa na soketi ndani na mahali pa kufungia bomba la projekta, ni ghali kuliko boksi la kawaida lakini zinakupunguzia kazi sana, na zile zilizopimwa kwa UL 2043, yaani kipimo cha joto na moshi wa kifaa kikiungua, zinaweza kukaa hata kwenye siling ambayo hewa ya AC inapita. Kanuni yenyewe ina ruhusa yake hapo, kwamba waya laini ukiwa ndani ya boksi la namna hiyo lililoidhinishwa kwa nafasi za hewa, unakubalika. Wale wanaotaka kuficha waya kabisa kwa ajili ya mwonekano hii ndo njia yao. Angalizo moja tu, usilitundike boksi zito kwenye bodi tupu, bodi ya siling ni kama biskuti, boksi lishikwe na waya wake wa chuma kutoka kwenye zege au boriti ya juu.

La nne ni kuunganisha moja kwa moja bila plagi. Kwa taa hii haina mjadala, taa za kwenye fremu zinaunganishwa na kipande kifupi cha kebo ya gamba la chuma kisichozidi futi 6 kutoka mahali kilipofungwa mara ya mwisho, na taa yenyewe inafungwa kwenye fremu kwa skrubu au klipu zilizoidhinishwa, tusonge mbele.

Penye kazi ni pampu ya maji ya AC. Hizi pampu ndogo nyingi zinakuja na waya na plagi, na mashine iko juu ya siling, kwa hiyo kila mtu anafikiria "niweke soketi pale karibu nichomeke, waya ni futi 5 tu". Futi 5 au futi 50 katazo ni moja. Mwingine anajiona mjanja anakata plagi anaunganisha nyaya kwenye boksi, na hapo anaingia kosa jingine, maana kifaa kinatakiwa kufungwa kwa maelekezo ya aliyekitengeneza, kipengele 110.3(B), na kama maelekezo hayasemi kata plagi basi usikate. Njia safi ni mbili. Ya kwanza nunua pampu iliyotengenezwa kuunganishwa moja kwa moja, na kama siling inapitisha hewa nunua iliyoidhinishwa kwa hiyo nafasi, zipo, halafu weka swichi ya kuzimia hapohapo karibu ili fundi ajaye azime akiwa anaiona. Ya pili, kama mteremko unaruhusu, achana na pampu kabisa, vuta bomba la maji lishuke lenyewe. Mi naanza kila mara na hiyo ya pili, pampu ambayo haipo haiharibiki. Na ile floti ya kuzima AC maji yakijaa isiachwe bila kuunganishwa, bodi ikishalowa inadondoka.

La tano ni PoE, umeme kupitia waya wa data. Kwa kamera, wifi za siling na simu za mezani sioni kwa nini mtu ahangaike na soketi. Toleo la 2003, 802.3af, linatoa wati 15.4 kutoka kwenye swichi ya mtandao, la 2009 linatoa 30, na la 2018, 802.3bt, linafika 90, umbali mpaka mita 100. Kamera ya kawaida hata wati 15 haimalizi. Hakuna soketi, hakuna adapta inayoning'inia huko juu na waya wake, na ukiweka UPS moja, yaani betri ya akiba, kwenye kabati la mtandao kamera zote zinaendelea umeme ukikatika. Lakini wenzetu wa IT mnisikilize, waya wa data nao una kanuni zake. Kwenye siling inayopitisha hewa uwe na herufi CMP kwenye gamba, hauruhusiwi kulala juu ya bodi, hauruhusiwi kufungwa kwenye nyaya zinazoshika siling, na waya wa zamani ambao hautumiki tena utolewe, usiachwe. Nimeshafungua siling ya ofisi nikakuta nyaya za data za wapangaji watatu waliopita, rundo zito mpaka bodi haifunguki, na kuna kipengele 300.23 kinachosema nyaya zisizuie bodi kunyanyuliwa.

Tranking'i ya kushuka ukutani nayo ni chaguo, soketi inabaki ukutani na mkondo wa plastiki au chuma unapanda mpaka kwenye projekta chini ya siling. Uzuri wake haigusi huko juu hata kidogo, ubaya wake inaonekana, na usiingize waya laini wa plagi ndani yake ukadhani umeokoka, ingiza nyaya za kudumu na soketi mwisho wake.

Sasa kabla hujachagua lolote kati ya haya, panda ngazi ujibu swali moja: hewa ya AC inarudi vipi? Tafuta grili ya kurudishia hewa, nyanyua bodi ya jirani yake, angalia kama kuna bomba lililounganishwa mgongoni mwa grili. Kama grili iko wazi haina bomba, basi nafasi yote ya juu ni njia ya hewa, wanaita plenamu, na bei ya kazi yako imebadilika. Moshi wa waya unaoungua huko unavutwa na feni na kugawiwa kila chumba kabla mtu hajaona moto, ndo maana kipengele 300.22(C) ni kikali: kebo za gamba la chuma zisizo na koti la plastiki juu yake, au paipu za chuma, na vifaa vyenye boksi la chuma au vilivyopimwa kwa moshi mdogo. Kama bomba lipo, una uhuru zaidi kidogo, ila Romex, ile kebo ya nyumbani ya koti la plastiki, usiiache wazi juu ya siling ya ofisi, duka wala kanisa. Nyumba ya kuishi inaruhusiwa, kwa mfano besmenti yenye siling ya bodi, lakini hata huko nyumbani waya wa plagi bado haukai juu. Halafu miji ina yake, Chicago karibu kila kitu kinapita kwenye paipu la chuma hata nyumba za watu, kwa hiyo kazi ya Ohio usiipeleke Illinois ukadhani itapita hivohivo. Piga simu ofisi ya vibali uulize, kuuliza ni bure.

Kuhusu kushikilia, hapa ndo kazi nyingi za wenzetu zinakwama hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Kebo haifungwi kwenye fremu ya siling wala kwenye zile nyaya za kuishikilia fremu. Unaweka nyaya zako mwenyewe, zimefungwa juu na chini, na kwenye siling iliyopimwa kwa moto zipakwe rangi au ziwekewe lebo ili inspekta azitofautishe. Ni kazi ya nusu saa na watu wanaikwepa.

Mafundi walioko Dar, Mombasa, Kampala mtauliza, na sisi je? Huko mnafuata zaidi mtindo wa Kiingereza, BS 7671, na yenyewe haikatazi waya laini kwa mkwaju mmoja kama NEC. Inasema waya laini unaweza kutumika kwenye ufungaji wa kudumu kama masharti mengine yametimia, ndo maana wenzetu wa Uingereza wana vile viunganishi vya taa vya kuchomeka juu ya siling na hakuna anayeshtuka. Plagi yenu ya pini tatu bapa pia ina fyuzi ndani, ya ampea 3, 5 au 13, kwa hiyo ule waya mwembamba niliousema kule juu kwenu una mlinzi wake, mradi mtu hajaweka kipande cha waya badala ya fyuzi. Soketi zinatakiwa kuwa na RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Na toleo la 2018 lilipanua sharti la kushikilia nyaya zisiporomoke mapema kwenye moto mpaka jengo zima, sio njia za kutokea tu, kwa hiyo klipu za plastiki peke yake hazitoshi, weka chuma kila baada ya umbali fulani.

Mkiwa na uhuru huo lakini mna shida ambayo sisi hatuna: siling nyingi za nyumbani ni gipsam, haifunguki. Ukishaweka soketi au jointi juu ya gipsam na kupaka rangi, hakuna mtu atakayeifikia tena bila kuvunja, na jointi inatakiwa ifikike na ikae ndani ya boksi. Nyaya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi chini ya bati, na joto la mchana, na panya, nimezifungua Tanga kabla sijaja huku na tepu ilikuwa imeshageuka gundi. Kwa gipsam chaguo langu ni tofauti: kwa kamera na wifi bado PoE, kwa projekta toa soketi iangalie chini tangu siku ya kuweka siling, na kama lazima kitu kikae juu kata kimlango cha kufungulia ambacho mkono na bisibisi vinaingia bila shida. Na mwenye nyumba aulize leseni, Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA, fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Turudi kanisani. Grili haikuwa na bomba, kwa hiyo plenamu. Kibali kilichukuliwa na kampuni ya umeme ninayofanyia kazi. Tulivuta kebo ya MC, ile ya gamba la chuma, kutoka kwenye paneli, saketi ya ampea 20 peke yake, boksi la chuma lenye UL 2043 likakaa kwenye nafasi ya bodi moja, projekta ikaning'inia kwenye bomba lake na waya wa futi 2 chini yake. Kamera nne zilizokuwa na adapta zikahamia kwenye PoE kwa waya wa CMP. Pampu ya maji ya AC nayo tuliitoa kabisa, mteremko ulitosha kulileta bomba mpaka kwenye sinki la usafi, na swichi ya floti tukaiunganisha. Ekstensheni zile mbili Papa aliziomba, akazikata vipandevipande mwenyewe kabla ya kuzitupa, akasema hataki mtu mwingine azichukue kwenye pipa.